Kwa Nini Tunakimbia Kimya?

Katika jarida la mwaka jana mlisomeshwa ngeli ya I-ZI, na mwaka juzi mkapewa faida za kusoma magazeti. Mwaka huu mwalimu mlezi wa chama chetu aliniita akaniambia niandike juu ya jambo linalonisumbua mimi mwenyewe, ila akanionya nisimletee methali kumi na wazo moja. Nimejitahidi. Swali langu ni hili: kwa nini binadamu akipata nafasi ya kukaa peke yake, kimya, hata kwa robo saa tu, hutafuta haraka kitu cha kumtoa pale?

Sisi wa shule ya kutwa tunalijua jambo hili pengine kuliko wenzetu wa bweni. Asubuhi naingia matatu ambayo muziki wake unatetemesha vioo. Siku moja muhula uliopita spika zilikuwa zimekufa. Gari zima likawa kimya, unasikia injini na watu wakikohoa. Hatujafika hata kituo cha pili, mzee mmoja aliyeketi nyuma ya dereva akauliza, "Kijana, kwani leo tunaenda matanga?" Abiria wakaangua kicheko, kisha mmoja baada ya mwingine wakatoa simu zao. Mimi sikucheka. Sababu nitaieleza mbele, maana bila hiyo nisingeandika makala haya.

Jioni nikifika nyumbani napokelewa na redio. Redio ya kwetu haizimwi. Inaanza kabla jogoo hajawika na inaendelea tukiwa tumelala. Sisi tunakaa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, upande huu kitanda cha mama, upande ule kitanda changu na meza ya kusomea. Kwa hiyo nafanya hesabu za logarithimu huku natangaziwa vifo, bei ya mbolea na salamu za wapenzi. Kwa muda mrefu nilidhani mama yangu anapenda tu kelele.

Siku moja nilimlalamikia mwalimu wetu wa Historia juu ya redio hiyo. Yeye hakunipa pole. Alinipa kitabu.

Kitabu chenyewe kilihusu Mfaransa mmoja aitwaye Blaise Pascal. Wanaosoma Fizikia wanalijua jina hilo, maana kipimo cha mgandamizo kinaitwa paskali kwa heshima yake. Alizaliwa mwaka wa 1623, na mama yake akafa akiwa bado mtoto wa miaka mitatu. Mwaka wa 1642, kabla hajatimiza miaka 20, alianza kuunda mashine ya kuhesabu ili ampunguzie baba yake kazi ya hesabu za kodi. Alikufa mwaka wa 1662 akiwa na miaka 39, akaacha vijikaratasi vingi vya mawazo ambavyo hakuwahi kuvipanga. Wenzake wakavichapisha mwaka wa 1670.

Katika vijikaratasi hivyo Pascal anauliza swali langu hasa. Anaona watu wakijitumbukiza vitani, baharini na katika michezo ya pesa, na sababu anayoiona ni kwamba nyumbani, katika kimya, hakukaliki. Mtu akitulia huanza kujifikiria, na akijifikiria hukutana na udhaifu wake na kifo chake. Hata mfalme, mwenye kila kitu, akiachwa peke yake bila shughuli atahuzunika, na ndiyo maana amezungukwa na watu ambao kazi yao ni kuhakikisha hana saa iliyo tupu. Tena anasema wanaowinda sungura mchana kutwa wasingemtaka sungura huyo kama wangeletewa bure. Wanachokitaka ni mbio.

Hapo kwenye sungura nilifunga kitabu nikacheka, kwa sababu niliwaona vijana wa mtaani kwetu. Wanaketi kwenye jiwe nje ya kinyozi wakipanga mkeka, yaani wanabashiri mechi kwa simu. Mkeka ukichanika Jumamosi, Jumapili wanapanga mwingine. Nilimuuliza jirani yetu mmoja, "Ukipewa kila siku ile pesa unayoweza kushinda, kwa sharti usibeti, utakubali?" Alifikiri sana. Akasema, "Sasa nitakuwa nafanya nini wikendi?" Kumbe Pascal aliwahi kutoa mfano huohuo wa mcheza kamari, akasema ukimpa pesa hizo bila mchezo utamnyima raha. Ni zaidi ya miaka 350 imepita na jawabu liko palepale kwenye jiwe la kinyozi.

Msidhani haya ni maneno ya watu wa kale tu. Mwaka wa 2014 wataalamu walioongozwa na Timothy Wilson wa Chuo Kikuu cha Virginia, Marekani, walichapisha majaribio yao katika jarida la Science. Waliwaweka watu mmojammoja katika chumba kisicho na kitu, bila simu wala kitabu, wakaambiwa wakae na mawazo yao. Wengi hawakufurahia. Katika jaribio moja la dakika 15 waliachiwa kitufe ambacho ukikibonyeza kinakupiga shoti ya umeme. Hao walikuwa wamekwisha kuionja shoti hiyo, na walikuwa wamesema wako tayari kulipa pesa wasiipate tena. Lakini walipoachwa peke yao, wanaume 12 kati ya 18 walijipiga wenyewe angalau mara moja, na wanawake 6 kati ya 24. Mwanamume mmoja alijipiga mara 190! Wataalamu walipopiga wastani ilibidi wamwache nje. (Wasichana wa darasa letu wamezipenda sana takwimu hizi, wanatusomea kila siku.)

Nikasema, wacha nijaribu mwenyewe. Ijumaa moja baada ya vipindi, wenzangu walipokwenda uwanjani, nilibaki darasani peke yangu na saa ya mkononi niliyoazima. Sikuwa na kitufe cha umeme, nashukuru. Dakika ya kwanza na ya pili zilikuwa tamu. Nilisikia kunguru kwenye mabati na mpishi akiburuta sufuria. Dakika ya tatu nikakumbuka alama zangu za Hisabati, ambazo sitazitaja hapa kwa kuwa jarida hili linasomwa hadi nyumbani. Dakika ya tano nikaanza kuhesabu vigae vilivyovunjika. Halafu, kama mtu aliyekuwa akingoja nje ya mlango kwa muda mrefu, akaja kaka yangu.

Kaka yangu mkubwa alifariki mwaka jana katika ajali ya barabarani. Jioni ile aliondoka nyumbani kwenda kazini, zamu ya usiku, akaniomba nimsindikize hadi stendi nimsaidie mfuko. Mimi nilikuwa kitandani natazama mechi kwa simu. Nilimwambia, "Wacha kwanza kipindi kiishe." Akasema haya. Nilisikia mlango. Mechi yenyewe iliisha sare bila bao.

Katika dakika ya nane niliinuka nikaenda kutazama voliboli. Nilishangilia kuliko wote, mpaka mwenzangu mmoja akaniuliza kama nimeanza kumpenda mtu wa timu.

Sasa tugeukie maneno, maana hiki ni chama cha Kiswahili. Pascal alitumia neno la Kifaransa divertissement, ambalo asili yake ni Kilatini, na maana yake ya awali ni kugeuza kando. Yaani Mfaransa akijifurahisha, lugha yake inasema amegeuka asione kitu fulani. Kiswahili hakisemi hivyo. Neno letu burudani limetoka katika Kiarabu, na ni la ukoo mmoja na baridi. Kuburudika ni kupoa, kama maji ya mtungini. Hata starehe, neno ambalo siku hizi linanuka pombe, asili yake ni kupumzika. Kwa hiyo Kifaransa kinaniuliza, unageuka usione nini? Kiswahili kinaniuliza, una joto gani hata unatafuta baridi? Mimi naliona swali la Kiswahili kuwa la huruma zaidi. Mtu mwenye joto hafanyi kosa akitafuta kivuli.

Upande wa kukaa peke yako nako lugha yetu ni tajiri. Tunayo faragha, tunao upweke na tunao ukiwa. Katika insha tunayachanganya maneno haya, na mimi nimewahi kukatwa alama kwa sababu hiyo. Faragha imetoka katika neno la Kiarabu lenye maana ya utupu au wakati usio na shughuli. Faragha mtu huitaka mwenyewe. Hujitenga ili asome, aombe, azungumze na mwenzake, kisha hurudi kwa watu. Upweke ni kuwa peke yako na hupendi, na unaweza kuwa nao hata gwaride zima likiwa limekuzunguka. Ukiwa ni mzito kuliko yote. Ni upweke wa mtu aliyeondokewa, pengo lililoachwa na mtu ambaye alikuwa hapo. Aliyenao huitwa mkiwa.

Tukiyatenganisha hivi, tunaona kwamba hatukimbii kitu kimoja. Mwanafunzi anayeshindwa kukaa na kitabu dakika ishirini bila kuangalia simu anakimbia faragha, na huyo naomba walimu wamwandame. (Ndiyo, ni pamoja nami.) Lakini mkiwa anayewasha redio hakimbii faragha. Nani atamwambia zima, ukae na mawazo yako?

Mimi nilimwambia. Ilikuwa usiku kabla ya mtihani wa katikati ya muhula. Nilitoka nyuma ya pazia nikaizima redio bila kuuliza. Mama alikuwa amelala, au nilidhani amelala.

"Washa," akasema.

"Mama, kesho nina mtihani."

"Washa, baba. Ikizimwa nasikia mlango."

Nikawasha. Sikuuliza mlango gani, maana kaka akiwa zamu ya mchana alikuwa akiingia saa tatu usiku, na mlango wetu una bawaba inayolia. Wageni wa matanga walipokwisha kuondoka, mama alianza kuiacha redio ikilia hadi asubuhi, na mimi miezi yote hiyo nilikuwa nikinuna juu ya logarithimu.

Ajabu ni kwamba Pascal alikwisha kumwona mama yangu. Anamtaja mtu mmoja aliyefiwa na mwanawe wa pekee miezi michache iliyopita, ambaye sasa anaonekana hana huzuni kabisa. Sababu ni kwamba mbwa wanamkimbiza nguruwe mwitu, naye macho yote yako huko. Ni kweli Pascal hamdharau mtu huyo. Anasema hata wanafalsafa wanaowacheka wawindaji hawaijui hali ya binadamu. Lakini mwishowe anaihesabu burudani kuwa taabu kubwa kuliko zote, kwa kuwa inatuzuia tusijifikirie mpaka tunafika kaburini bila kujua. Hapo ndipo mimi na yeye tunaachana njia kidogo. Nyumba usiyolala ndani yake hujui ila yake. Pascal anazungumza juu ya chumba, lakini kuna mtu ambaye chumba chake kimoja ndicho jikoni, ndicho kitanda cha marehemu, ndicho kila kitu. Kukaa humo kimya si zoezi la hekima.

Tena yeye mwenyewe hakuwa malaika. Watu wa familia yake walisimulia kwamba mwaka wa 1658 aliumwa na jino usiku hata asilale, akaamua kufikiria tatizo gumu la hesabu ili asahau maumivu. Tatizo hilo lilihusu mstari unaochorwa na nukta iliyo ukingoni mwa gurudumu linapobingirika. Maumivu yakatulia, na hesabu ile ikawa mojawapo ya kazi zake mashuhuri. Sasa hiyo ilikuwa nini kama si redio yake? Mwalimu wa Historia nilipomuuliza alicheka, akasema nimuulize mwalimu wa Hisabati. Huyo naye akaniambia nifanye kwanza zoezi la jana.

Hata hivyo sitaki mfikiri kwamba nasema kila kelele ni dawa. Lazima niwape na upande mwingine, na mfano wake tunao hapa Kenya. Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, alifungwa mwaka wa 1969 akiwa kijana wa miaka 22 kwa sababu ya waraka ulioitwa Kenya: Twendapi? Alitoka mwaka wa 1972. Muda mwingi gerezani alitengwa, asiwe na mtu wa kuzungumza naye. Katika upweke huo wa kulazimishwa alitunga mashairi, akayaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kama kitabu mwaka wa 1973, Sauti ya Dhiki, na mwaka wa 1974 kitabu hicho kikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Wengi wetu tunakijua kwa jalada tu, maana nakala iliyoko maktaba yetu haina kurasa za mwanzo.

Je, kutunga mashairi kulikuwa kumpotezea wakati tu, kama voliboli yangu? Tulibishana jambo hili chamani Alhamisi mbili. Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili alisema shairi pia ni burudani, lina mizani na vina, linachezesha akili. Ni kweli. Lakini litazame jina la kitabu. Huyu alikuwa na dhiki, akaipa sauti. Hakuwasha kitu cha kuifunika. Nadhani tofauti iko hapo, na ni ndogo sana, huwezi kuiona kwa kumtazama mtu kutoka nje. Wawili wanaweza kuwa wanasikiliza wimbo uleule, mmoja unampeleka kwa yule anayemlilia na mwingine unamtorosha. Mimi mechi ile ilinitorosha hata kabla ya msiba kuja, na hilo ndilo linaloniuma.

Najua wapo watakaoniambia kwamba mambo ya kukaa peke yako si yetu, kwamba mtu ni watu, na kwamba anayejitenga kwetu huulizwa kama ni mgonjwa au amekosana na nani. Nami nimewahi kuulizwa hivyo siku ile niliyobaki darasani. Bawabu alichungulia mara mbili. Lakini angalieni matatu yangu ya asubuhi: watu kumi na wanne, kila mmoja na simu yake, na mzee asiye na simu akitazama dirishani. Hatuko peke yetu na hatuko pamoja. Kama tungekuwa tunaikimbia faragha ili tufike kwa wenzetu nisingekuwa na la kusema.

Baada ya usiku ule wa mtihani, mimi na mama tulipatana. Redio inazimwa saa mbili usiku, tukishakula, na inawashwa kabla saa tatu haijafika. Saa hiyo moja mimi nasoma na yeye anachambua mboga za kesho za kibandani. Wiki ya kwanza hatukusema lolote. Ya pili, bila mimi kuuliza, akaanza kunieleza jinsi kaka alivyokuwa akiimba vibaya alipofua nguo, na jinsi majirani walivyokuwa wakifunga madirisha. Nikapata nafasi nikamwambia habari ya mechi na stendi. Nilikuwa nimeificha miezi kumi.

"Najua," mama akasema, bado anachambua. "Alipitia kibandani akaniambia, yule amezama kwenye mpira. Alikuwa anacheka. Mfuko wenyewe haukuwa mzito."

Juzi saa tatu ilipita kwa dakika kumi kabla hajakumbuka kuiwasha. Nilikuwa nimeiona saa, lakini sikusema kitu.